Bi Mvuke na Sitara ya Nyumba

Kwenye duka letu la dobi tulimwita Bi Mvuke, kwa sababu toka asubuhi yuko nyuma ya pasi kubwa, uso huuoni vizuri. Shati akilishika anaanza na kola, kisha mikono, na hata mteja awe mkorofi namna gani, likitoka hapo hana la kusema.

Nchi hii aliingia kwa ndoa. Kibali chake cha kuishi kilisimama juu ya mumewe kama nguo juu ya kamba: kamba ikikatika, nguo chini. Alikuwa amebakiza kidogo aombe uraia, nasi tukimtania, "Mwananchi mtarajiwa, soda zetu lini?"

Kamba ikakatika. Mume alimpa talaka jioni ya mvua, akamtoa na begi moja, akabadilisha na kufuli. Usiku ule Bi Mvuke alilala kwangu. Kesho yake nilimsindikiza kuchukua nguo zake, ufunguo ukagoma mlangoni nikishuhudia.

Haukupita muda akaitwa uhamiaji. Mwanasheria wa msaada, binti mpole sana, alituambia kibali hakifi papo hapo. Akionyesha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli, na kwamba alifukuzwa, hakuondoka kwa hiari yake, anaweza kupewa chake mwenyewe. Akishindwa, arudi kwao.

Tukaenda. Afisa akamuuliza kwa upole, "Mama, kwa nini ulitoka kwa mumeo?"

"Tulishindwana tu, baba. Nilitoka mwenyewe."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akauvuta. Afisa akaandika, akampa tarehe nyingine kama ana la kuongeza.

Nje nilishindwa kuvumilia. "Shoga, una wazimu? Umejichimbia kaburi na udongo umejimwagia!"

"Nilipoolewa nilifundwa kumsitiri mume. Ya chumbani hayaanikwi."

"Kamba yenyewe haipo, unasitiri nini?"

"Nimekula chumvi yake. Na mama yake yu hai. Nimtie aibu mzee wa watu?"

Huyo mama mkwe ndiye niliyemshangaa. Ulimi wake wembe, miguu imevimba hata viatu vinakataa. Talaka imetoka, lakini kila Jumamosi Bi Mvuke alipita kwake kumfulia na kumpigia pasi, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Niliomba Mungu anionyeshe njia, kisha nikatoka kuitafuta, maana sala nayo inataka miguu. Nikamkuta yule mama mkwe kwake, kitini, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo atarudishwa kwao kwa kuficha uchafu wa mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Akanikagua juu hadi chini. "Na nguo zangu atapiga pasi nani? Wewe? Nimeiona sketi yako." Kisha akanyoosha mkono. "Nipe viatu."

Siku ya tarehe ile aliingia ofisini akiniegemea, hakungoja kukaribishwa.

"Mimi ndiye mama wa mume," alimwambia afisa. "Na huyu mkwe wangu ni mwongo."

Bi Mvuke akainamisha kichwa.

"Hakutoka mwenyewe. Mwanangu alimsukuma nje mvua inanyesha. Jioni ile nilikuwa nimewatembelea, niko sebuleni kwao nikiona kwa macho haya, nikanyamaza. Mwana anauma, bwana mkubwa. Lakini huyu aliishi na mwanangu kama mke, na mimi ameniogesha nilipokuwa siwezi kuinuka. Andika."

"Mama, yaishe," Bi Mvuke alinong'ona.

"Nyamaza! Wewe umemsitiri yeye. Acha na mimi nikusitiri wewe."

Afisa akaandika, akauliza maswali, mzee akajibu yote, mengine kabla hayajaulizwa.

Kibali kilitoka, Mungu ni mwema. Pale palipokuwa na jina la mume pako wazi. Ila uraia ndio umerudi nyuma: njia ya mke imefungwa, sasa atahesabiwa kama mgeni yeyote, tena kuanzia mwanzo. Alipotuambia, tajiri wetu, mwenye duka, akasema, "Basi soda zimeahirishwa, hazijafutwa." Bi Mvuke akacheka, akajifuta macho, akasingizia mvuke.

Jumamosi alifunga kazi mapema. Nikamuuliza anakwenda wapi na ile pasi ndogo mkobani.

"Kwa mama," akasema. "Ya kwake inaunguza."