Mama Mkwe Juu ya Magunia

Mama mkwe alikataa kukaa mbele na mimi. Sikushangaa, kwetu nani angekubali? Mkwe na mama mkwe wake wabanane kiti kimoja kuanzia Msanzi hadi Katandala, kila gari likiruka goti liguse goti? Aibu gani hiyo! Kwa hiyo wanawake wa nyumbani kwake walimpandisha nyuma ya pikapu, juu ya magunia yangu ya ulezi, wakamfunika turubai. Mimi nikasimama kando nikiangalia milima mpaka wakamaliza.

Ilikuwa miaka ile biashara ya nafaka ilipofunguliwa, sisi tulioitwa walanguzi jana tukaamka tunaitwa wafanyabiashara. Nilikuwa na pikapu kuukuu na kichwa kikubwa. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama yake alikuwa anakuja kumkanda na kumwogesha mtoto.

Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha na ukungu umeshuka mpaka barabarani. Tulipomaliza kona moja ya mteremko, nikasikia mlio, kwaa! Ekseli ya nyuma imekatika. Gari likasimama katikati ya barabara, halisogei mbele wala nyuma.

Mzee aliyenifundisha udereva alinipigia kelele neno moja mpaka nikalichoka: gari likigoma njiani, shusha watu kwanza, wakae mbali na barabara, vyuma vitasubiri. Nililikumbuka palepale. Jamani, siwezi hata kusema nilisahau.

Nikaweka mawe kwenye magurudumu. Nikakata matawi, nikayatandaza nyuma ya gari hadi karibu na kona. Halafu nikaja ubavuni, nikageuza uso pembeni, nikaita.

"Mama, hapa si pazuri. Ingefaa ushuke."

"Nitashukaje, mkwe wangu? Nani atanishika?"

Alikuwa na miguu mibovu, na bodi lile la pikapu lilikuwa refu kwenda juu.

"Tusubiri," akasema. "Atapita mama yeyote anatoka shambani, atanishusha."

"Sawa, mama," nikasema.

Sawa! Ndilo neno nililolisema. Nikasimama kwenye mvua ile namsubiri mwanamke apite. Nilimtafuta kwa macho huko mashambani, niliomba atokee hata msichana mwenye kuni. Hakupita mtu.

Lililokuja ni lori la mahindi. Nilisikia injini kabla sijaliona. Nikavua shati, nikakimbilia kona nikilipunga na kupiga kelele kama kichaa. Dereva aliniona, akaona na matawi, akakanyaga breki, lakini tope lilikuwa linateleza na mzigo unamsukuma. Alinipita taratibu kabisa. Taratibu! Nikiwa nimeshika shati nikaliangalia linakwenda kugonga pikapu yangu.

Magunia yalimwagika na mama mkwe akamwagika nayo. Tulipoyavuta, mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia kusikofaa. Hakulia. Alikuwa anavuta kitenge kwa mkono mmoja ajifunike, nisimwone.

Dereva wa lori akanigeukia. "Kwa nini hukumshusha, ndugu yangu?"

"Ni mama mkwe wangu."

Akaangalia chini. Akaenda kufungua mlango wa lori.

Nikambeba. Ndiyo, kwa mikono hii hii, kifuani, mpaka ndani ya lori, tukamkimbiza hospitali. Mguu ulipona ukiwa umekakamaa, haukukunjika tena. Mke wangu akawa anaogesha wawili, mtoto na mama yake, na yeye mwenyewe mzazi ambaye hakuna wa kumkanda. Hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Wageni walipokuja kumpa pole, mama mkwe aliwaambia, "Huyu mkwe wangu ana heshima sana. Gari limekufa, mvua inanyesha, na hakunigusa." Wageni wakanisifu. Mimi natoka nje, nasimama na ile pikapu iliyovutwa mpaka nyumbani, najiuliza kwa nini sikushusha magunia mawili matatu nikayapanga ngazi, nikageuka nikampa mgongo ashuke mwenyewe. Magunia yalikuwepo! Kazi ya muda mfupi tu, na heshima yake ingebaki palepale. Mimi nilikuwa nalinda sifa yangu, loo, mjinga mimi.

Siku moja mke wangu alikuwa sokoni. Mama mkwe akaniita kutoka chumbani, anataka kutoka juani. Nikasimama mlangoni naangalia sakafu, nikamwambia nakwenda kumwita jirani, yule mama wa nyumba ya pili.

"Wa nini?" akasema. "Si ulishanibeba? Njoo unishike."

Nikaingia, nikamshika mikono yote miwili, nikamwinua. Alikuwa mwepesi sana. Ningeweza kumshusha siku ile bila hata kuhema.