Betri za Jicho Moja

Mlinzi wa ghala letu la nyaya za shaba tulimwita Jicho Moja, naye aliitika bila kinyongo. Jicho la kushoto lilitolewa kwa bisibisi miaka kumi na miwili iliyopita, katika chumba cha chini, ambako hakuna dirisha na hata saa sita mchana huoni kiganja chako. Wezi walikuwa wawili. Mmoja aliondoka na koili ya waya, mwingine akaondoka amepungukiwa meno manne.

Tangu siku hiyo hakushuka ngazi zile bila tochi ya chuma yenye betri kubwa tatu. Betri alizijua kwa rangi ya mwanga. Ukigeuka manjano, alizitoa, akazianika juu ya bati saa nzima, akazing'ata kidogo ubavuni, nazo zikampa siku nyingine. Mkewe alimtania, "Ungeoa betri tu, baba watoto. Mimi nikichoka hunianiki juani."

Mwaka huu meneja akaleta betri za kuchaji. Akaagiza Jicho Moja azijaribu wiki moja, kisha achague mwenyewe, za kuchaji au za kutupa. Atakachosema ndicho kitakachonunuliwa mwaka mzima. Mimi ni karani wa stoo, nikamkabidhi betri tatu na chaja. Karatasi ya maelekezo ilibaki kwenye droo yangu.

Siku ya nne nilimuuliza, "Mwanga wake vipi?"

"Mweupe pe, kama siku ya kwanza, bwana karani. Hizi hazijui njaa."

"Umezichaji?"

"Nichaji nini na bado ni mweupe?"

Nilicheka. Sikufungua droo.

Siku hiyohiyo, saa nane mchana, alisikia chuma kikikwaruza chini. Akashuka. Mwanga ulimkuta kijana amechuchumaa juu ya koili, mkasi wa kukatia nyaya mkononi, na nyuma yake mwenzake mwenye kipande cha nondo.

"Laleni chini!" Jicho Moja akafoka.

Palepale tochi ikazimika. Haikufifia, haikupitia manjano. Ilikata.

Gizani mtu akacheka. "Taa imekwisha, mzee. Na hilo jicho lililobaki tukuzimie?"

Nondo ikampata begani, mfupa ukalia. Pigo la pili likampasua sikio. Alianguka chali, kijana akamkalia kifuani, na kidole gumba kikaanza kupapasa uso kutafuta jicho. Haya alinisimulia baadaye kwa sauti ileile anayosomea idadi ya koili. Kidole kilipofika shavuni alikidaka kwa mdomo, akauma mpaka meno yakakutana. Kisha akainua tochi kwa mkono uliokuwa mzima, akapiga pale kelele zilipotoka. Akapiga tena. Taya likavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Aliendelea kupiga hata kelele zilipokwisha.

Tuliposhuka na taa ya dharura, mwenye nondo alikuwa ametoroka kwa mlango wa nyuma. Kijana alikuwa hai, lakini mama yake asingemtambua. Jicho Moja alikaa kwenye ngazi, damu inamchuruzika shingoni, akifumba na kufumbua.

"Sogeza taa," alisema. "Nakuona, karani. Nakuona."

Alirudi kazini baada ya wiki sita, bega limepinda. Nilimwekea tochi mezani, imebonyea ubavuni, betri zimekwama ndani. Nikamwambia kosa ni langu: betri za namna hii hung'aa sawasawa mpaka dakika ya mwisho, ndiyo maana huchajiwa kabla hazijaonyesha dalili. Zikitunzwa hivyo hudumu miaka. Nikampa ile karatasi. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Ni nzuri, sikatai," alisema. "Wape wenye macho mawili."

Akavuta kitabu cha stoo, akaandika: Za kutupa. Kwenye safu ya sababu akafikiri kidogo, kisha akaongeza maneno mawili: Zinaaga kwanza.