Tokeo la Tatu

Kaye ile, daftari la historia, nilipewa na mama mdogo, ndugu wa mwisho wa mama yangu, siku nilipoingia mwaka wa sita wa sekondari. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari na bado ilinuka moshi wa jikoni.

"Usinunue ingine ya mupya," aliniambia. "Nota ni zile zile. Ila iko na mwisho mubaya."

Mwisho wake ulikuwa hivi. Somo lilikuwa Vita ya Kwanza ya Dunia: sababu zake, mwendo wake, matokeo yake huku kwetu. Tokeo la kwanza lilikuwa na mistari minne, la pili mitatu. Kisha, kwa mwandiko uleule uliolala upande wa kulia: "Tokeo la tatu lilikuwa". Baada ya hapo ni karatasi nyeupe mpaka jalada la nyuma.

Nilimuuliza kilitokea nini. "Tulikimbia," alisema, huku akiendelea kuchambua maharagi. Upande wetu, penye vita vya kila mara, neno hilo linatosha. Hakurudi tena darasani. Alipata mume, kisha watoto, na diploma ya kumaliza sekondari hakuipata.

Shule ilikuwa ileile aliyosoma yeye, ya mbao na mabati, juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwetu Bihambwe. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka malishoni na kutuzunguka, tukawa tunasikia ng'ombe bila kuwaona. Vitabu havikuwapo. Prof wa historia alisimama mbele na kaye yake kuukuu, akasoma polepole kwa Kifaransa, nasi tukaandika. Kufikia mwisho wa juma la kwanza niliweka kalamu chini. Nota zangu zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Nilimfuata kwa kidole katika kaye ya mama mdogo, na kidole hakikukosea hata neno moja.

Hilo lingeweza kueleweka. Kilichonitisha ni kitu kingine. Mama mdogo alikuwa ameandika kila kitu, hata maneno ambayo mwalimu wake alitupia kwa Kiswahili katikati ya somo. Mahali pamoja, kati ya mistari miwili kuhusu machifu, palikuwa na: "Fungeni mlango, ukungu unaingia."

Jumanne moja Prof alifika pale. "Fungeni mlango," akasema bila kuinua macho, "ukungu unaingia."

Mlango ulikuwa umefungwa.

Mwenzetu aliyekaa karibu nao aliinuka, akaushika, akautazama, akarudi kukaa. Darasa likacheka. Mimi nilirudisha kidole juu ya mstari ule.

Kuanzia siku hiyo nilikosa usingizi. Nilihesabu kurasa. Kwa mwendo wa Prof, tungefika kwenye sentensi ile iliyokatika Ijumaa moja kabla ya likizo ya Pasaka. Kama kila kilichoandikwa humo kilikuwa kinasemwa tena, je, kile kilichowafanya waache kuandika? Nilijiambia ni upuuzi. Halafu nikaona barabarani watu wakipita na magodoro kichwani, wakitokea upande wa Walikale, na sikuweza tena kujiambia hivyo kwa sauti.

Nikaanza kuchelewesha darasa. Prof, wapagazi wa jeshi walilala wapi? Prof, njia ilipita kilima gani? Prof, unaweza kurudia?

"Dada, uko unauliza kama askari wa bariere ya barabarani!" alisema rafiki yangu tuliyekaa naye benchi moja. "Acha Prof apite, hana kitambulisho!" Walipomaliza kucheka akanikodolea macho. "Sichezi. Egzeta iko karibu. Tusipomaliza, weye njo utaandika pa nafasi yetu?"

Alikuwa na haki. Egzeta ni mtihani wa Serikali, na bila huo miaka sita ya kupanda kilima inakuwa bure. Mama mdogo ni ushahidi wa hilo. Kwa hiyo niliogopa tufike, na niliogopa tusifike. Jumamosi nilikwenda parokiani, nikaazima kitabu kizee, nikatafuta tokeo la tatu. Nilipata sentensi nzuri kuhusu wapagazi wengi ambao hawakurudi vijijini mwao. Niliikariri kwa Kifaransa. Niliwaza kwamba, mambo yakiharibika, angalau nitaimaliza moyoni.

Ijumaa ikafika. Ukungu ulikuwa mzito hata madirisha yalionekana kama yamepakwa chokaa. Prof akasoma tokeo la kwanza. Akasoma la pili. Akasema, "Tokeo la tatu lilikuwa," akanyamaza.

Kalamu zote zilikuwa hewani. Prof aliangalia mlango. Hakukuwa na pikipiki, hakukuwa na ng'ombe, hata upepo kwenye mabati haukuwapo. Nyuma yangu nilisikia mtu akifunga mfuko wake, taratibu. Kisha mwingine. Rafiki yangu alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuna aliyekuwa amesema lolote. Hawakuijua kaye ya mama mdogo, walijua tu jinsi mtu mzima anavyoonekana anaposikiliza.

Sijui nilivyosimama. "Prof," nilisema, "kaye yako pia inaishia pale?"

Aliinua macho kutoka kwenye kaye yake. Kisha akaigeuza tuione. Maneno yaleyale, halafu weupe.

"Nilikuwa mwanafunzi hapa hapa," alisema, na sasa hakuwa anasoma. "Mimi na mama mudogo wako tulikaaka benchi moja. Tulikuwa tunashindana nani ataandika kila kitu Prof anasema, hata kikohozi. Kila mwaka nafikaka hapa, nasema tutaendelea juma ijayo. Juma ijayo naanza somo ingine."

"Na tokeo la tatu?"

"Sikulisikia." Akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya mwaka mzima. "Weye unaulizaka sana. Maliza."

Nilikuwa na sentensi yangu tayari. Nilifungua mdomo kusema wapagazi. Kilichotoka, kwa Kifaransa kilichonyooka kuliko changu cha kawaida, kilikuwa kwamba tokeo la tatu lilikuwa watu kujifunza kulala huku wakisikiliza.

Hakuna aliyecheka. Kalamu zilishuka, zikaandika. Na pale, katikati ya mikwaruzo ile, nilidhani kuna kitu nje, kwa mbali, chini ya kilima. Nikasema, "Ngojeni. Mumesikia?"

Wote wakatulia. Prof naye alitulia, kichwa kimeinama juu ya kaye yake, kalamu mkononi. Hakukuwa na kitu. Baada ya muda akasema, "Nukta. Mstari mupya," na akaanza tokeo la nne, akilitunga polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe kwa mguu.

Mwaka ule hatukukimbia. Tulifanya egzeta, nikafaulu, nikaenda Goma kusoma historia. Katika vitabu vya chuo kikuu nilitafuta tokeo langu la tatu na sikuliona. Nilijihukumu sana kwa hilo. Nilifikiria kumwandikia Prof alifute, sikuandika.

Sasa nimerudi nyumbani na diploma, nasubiri kazi. Juzi binti wa jirani, aliye mwaka wa sita pale pale kilimani, alikuja nimsaidie kurudia historia. Alifungua kaye mpya kabisa. Tokeo la kwanza, la pili. La tatu lilikuwa langu, halikupungua neno. Chini yake, kwa Kiswahili, kwa mwandiko safi, alikuwa ameandika: "Ngojeni. Mumesikia?"

Nilimuuliza kwa nini ameliandika lile.

"Prof njo alisema vile. Tunaandikaka yote."

"Na alipolisema, mulifanya nini?"

"Tulinyamaza, dada. Tulisikiliza."

Nilitaka kuishia hapo, nikashindwa. "Mulisikia kitu?"

Alifikiri, kidole chake bado juu ya mstari.

"Ile siku, hapana," alisema.