Picha Niliyoikana Mbele ya Madereva

Aibu ninayoona hadi leo ni yangu mwenyewe, hakuna aliyenitwika, kwa hiyo mkitaka kucheka chekeni, ila mniache nimalize.

Ilikuwa miaka ya tisini, tunakaa Galbet, mtaa wa Garissa. Titi langu la kushoto lilikuwa limeshakatwa Nairobi kwa saratani, nikapewa vidonge vya kumeza kila siku, na lile la kulia likapigwa picha ya eksirei. Daktari alinikabidhi ile picha (hospitali zetu ndivyo zilivyokuwa, picha unaondoka nayo mwenyewe) akaniambia, "Itunze, mama. Nyama ya titi lako ni nzito, inatoka nyeupe, na uvimbe nao hutoka mweupe. Mwakani nitaweka hii na mpya pamoja nione kama weupe unapungua au kuna kilichoongezeka."

Sasa picha ya titi utaificha wapi katika nyumba ya vyumba viwili, mama mkwe amekuja na wageni wake kutoka Kotile na kila mtu anapekua kila kitu? Nikajiona nina akili kuliko wote, nikaitia ndani ya bahasha ya picha ya kifua ya mume wangu Abdullahi, maana mbavu za mwanamume nani ana haja nazo.

Miezi ikapita, nikasahau. Asubuhi moja Abdullahi akaenda kwenye ofisi ya shirika moja pale mjini, walikuwa wanatafuta madereva wa malori ya kupeleka maji kambi za wakimbizi za Dadaab, na kila dereva aonyeshe picha kwamba hana kifua kikuu, na saa nne akamtuma jirani: leta bahasha ya kifua, haraka. Nikaichukua nikakimbia na lile jua, na nilipofika mlangoni ndipo nikakumbuka kilichomo. Ningegeuka tu nikachomoa yangu. Lakini foleni nzima ya wanaume ilikuwa inanitazama, nikajiambia karani ataangalia ya juu basi.

Karani, bwana mmoja wa Kitui, alizitoa zote mbili. Moja akaiinua dirishani, akaigeuza juu chini, akasema, "Mzee, hii si kifua yako." Shingo zikanyooka. Mmoja akacheka, wakafuata wengi.

"Imeandikwa Fatuma Abdi," akasoma. "Mama, ni wewe?"

"Fatuma Abdi wako wengi Garissa," nikasema. "Wallahi hiyo si yangu. Hosbitali walichanganya bicha."

Yaani niliapa kwa jina la Mungu, mbele ya Waislamu wenzangu, kwamba titi langu si langu. Abdullahi alikuwa anatazama viatu vyake (kazi alipata, na siku ile hajawahi kuitaja). Karani akaitupa picha kwenye kikapu cha karatasi, nami nikarudi nyumbani kupika.

Kwenda kuidai kungekuwa kukiri kwamba niliapa uongo, basi nikakaa siku tatu nikibishana na nafsi yangu, ya nne nikaenda. Mfagizi akaniambia takataka zimechomwa jana.

Mwaka ulipofika, kule Nairobi, daktari alitundika picha mpya kwenye sanduku la taa. Karibu na kwapa palikuwa na weupe kama maziwa yaliyoganda.

"Huu ulikuwepo?" akauliza. "Nipe ile ya zamani."

Nikamwambia imepotea. Akasema hawezi kujua kama ni nyama yangu ya siku zote au ni kitu kipya, nirudi baada ya miezi sita tulinganishe na hii. Miezi ile sikulala vizuri hata usiku mmoja, nilikuwa najipapasa mpaka ngozi ikawa inauma. Niliporudi weupe ulikuwa umepanuka. Titi la pili nalo likakatwa, na daktari hakunilaumu, alisema tu kwamba miezi sita ni mingi.

Baadaye nilikutana na yule karani sokoni, ananunua nyama ya ngamia. Uso ukaniwaka, lakini nikamsalimu na kumuuliza kama anaikumbuka siku ya ile picha. Alifikiri sana, kwa adabu.

"Pole, mama," akasema. "Tuliona watu wengi."

Na hiki naapa kwa kweli: sitaukana tena mwili wangu kwa sababu ya macho ya watu. Wale waliocheka walisahau kabla ya adhuhuri.