Neno Nililoongeza Mferejini

Wakati wa hali ya hatari, Mau Mau walipokuwa wakipigana na serikali ya wakoloni kutoka msituni, tulichuma maua ya pareto katika shamba la mzungu, Mau Narok. Asubuhi moja nilimwona jirani yangu, mwenzangu wa kanisani, akielekea msituni na kiondo cha viazi. Mferejini, tulipokuwa tukiteka maji, nikawaambia wanawake, "Huyu anawalisha watu wa msituni."

Siku ya tatu askari walimpakia kwenye lori.

Kumbe viazi vilikuwa vya mama yake mgonjwa, aliyeishi kando ya msitu. Nilimwendea nikilia. "Mama, nilisema nisilolijua."

"Askari umewaambia hivyo?" akaniuliza.

Nilikwenda kituoni nikawaambia. Walinicheka.

Jirani aliachiliwa baada ya miaka miwili, mama yake tulikuwa tumeshamzika. Kanisani alinipa mkono, lakini hakuniita tena dada.