Mchunga Pengwini wa Santa Inés

Kwa miaka mingi Hermelinda Yescas alimwita Eutimio Bautista "Mchunga Pengwini", na jina likapendwa mno. Watoto wa kijiji cha Yelaxi walimsalimu nalo akipita na nyumbu wake, na wengine hawakujua kama ana jina jingine. Kosa la Eutimio lilikuwa moja tu: aliifuta Windows kwenye kompyuta yake akaweka Linux, ile yenye nembo ya pengwini, halafu akakosa haya ya kunyamaza. Bendi za vijiji zikikutana, atakushika mkono wa shati akueleze jinsi mashine yake isivyougua. Na kunyamaza kwenyewe hakukujua hata kidogo. Siri ukimpa asubuhi, mchana utaisikia kwa muuza mikate.

Kazi yao ilikuwa moja. Hermelinda alikuwa mwandishi wa nota wa bendi ya matarumbeta ya Yelaxi, Eutimio wa bendi ya Santa Inés, ng'ambo ya korongo. Ndio waliochukua wimbo mzima wakaugawa kwa kompyuta, karatasi hii ya klarineti, ile ya tromboni, hii ya ngoma. Hermelinda alijua kompyuta kuliko mtu yeyote upande wake wa mlima. Alianza tangu skrini zilipokuwa nene kama kabati, na hata mwalimu mkuu akikwama alimtuma mtu amwite.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya Yelaxi kwenda Santa Inés. Hiyo ndiyo gozona: mlikuja kutupigia sikukuu yetu, nasi twaja kupiga yenu, hatulipwi, mtatulisha tu. Na mgeni haji na wimbo wa jana. Huleta mmoja ambao wenyeji hawajapata kuusikia, la sivyo atasemwa hadi mwaka mwingine. Safari hii wimbo huo ulikuwa wa Hermelinda mwenyewe. Baada ya kunakili nyimbo za watu tangu usichana wake, alikuwa ametunga jarabe, muziki wa kuchezwa, klarineti zikigombana na tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito. Waliojua ni mkuu wa bendi, maestro Crisóforo, aliyeutengea nafasi katikati ya sikukuu, na Wilfrido, mumewe na mpiga tuba wa bendi, aliyejua kwa kuwa nyumba ina vyumba viwili tu. Hermelinda hakutaka hata kuuchapa kabla ya wakati, mtu asije akaona karatasi akaupiga mluzi sokoni.

Basi kompyuta ikachagua majuma hayohayo kufa ganzi. Ikawa inawaka kwa kusuasua, kisha ikamwambia wazi kwamba Windows mpya haiwezi kuingia kwenye mashine kuukuu namna hiyo. Hermelinda alitukanwa na mengi maishani, lakini si na kitu alichokinunua mwenyewe. Akapandwa na hasira. Akahamisha mafaili yake yote kwenye flashi, akapakua Linux, na mashine ilipomuuliza kama ifute kila kitu akajibu ndiyo bila kupepesa macho. Kama Eutimio ameweza, yeye atashindwaje?

Aliweka kwa mchana mmoja, na mashine ikaamka upesi kama iliyopewa kahawa. Alitabasamu mpaka alipotaka kufanya kazi. Alitafuta diski C, hakuna. Alitafuta programu ya kuua virusi, akazunguka kutwa nzima akiitafuta, asijue kwamba haipo na haihitajiki. Alitoa sidii ya printa, aliyoitunza kwenye soksi kama hati ya shamba, akaiingiza, akaibofya, akaitoa, akaifuta kwa aproni, akaiingiza tena.

"Lakini mke wangu," Wilfrido alisema akiwa mlangoni, "hii printa si inachapa?"

Kweli ilikuwa inachapa. Ilikuwa ikichapa tangu alipochomeka waya, bila sidii wala soksi. Hermelinda alikasirika zaidi. Kinachomuumiza fundi mzee si kutojua, ni kujua sana mambo ambayo hayahitajiki tena.

Kisha akabofya faili la jarabe. Mashine ikamuuliza alifungue kwa kitu gani. Akaipa programu yake ya zamani ya nota, mashine ikaitazama kama mgeni aliyepotea njia. Programu hiyo ilijua Windows peke yake, ilifungiwa mashine hiyohiyo moja, na kampuni iliyoiuza ilikwishafunga duka. Alihangaika nayo siku tatu. Aliuliza kwenye majukwaa ya mtandaoni, akajibiwa na watoto wa watu kwamba asome mwongozo kwanza. Yeye, Hermelinda Yescas, aambiwe akasome!

"Maestro ananiuliza karatasi," Wilfrido alisema wakila maharagwe. "Bendi inataka wiki moja ya mazoezi. Asipozipata Jumatatu, tutapiga ile ya mwaka juzi."

"Ile waliyoisikia?"

"Ile waliyoisikia. Mpigie Mchunga Pengwini."

"Afadhali nife."

"Mficha uchi hazai, mama."

"Nimeshazaa wanne, wananitosha!"

Lakini usiku wazo la jarabe lake kubaki ndani ya flashi kama mtu aliyezikwa hai lilimliza, akalia kweli, na asubuhi akachukua simu.

"Don Eutimio, umeamkaje?"

"Salama. Nani mwenzangu?"

"Hermelinda. Wa Yelaxi."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimeweka Linux."

Kilichofuata kilikuwa kicheko kirefu, chenye kikohozi katikati.

"Cheka umalize," alisema Hermelinda.

"Ngoja, bado... Haya. Sasa hebu nikuulize, Doña Hermelinda, unajua mnara wa simu wa vijiji vyetu, huu ninaoutunza mimi, unaendeshwa na nini?"

"Usiniambie."

"Linux, mama! Miaka yote umenisengenya kupitia kwa pengwini."

Alifika siku iliyofuata, nyumbu wake akafungwa uani, akapewa kahawa na mkate. Akajaribu. Alikuwa na ujanja wa kuihadaa programu ya Windows ijione iko nyumbani, na programu ikafunguka kweli, Hermelinda akapiga makofi. Halafu ikadai ruhusa kutoka kwa kampuni ile iliyokwisha kufa, ikajifunga. Akajaribu tena hadi kahawa ikapoa.

"Faili halifunguki," alisema mwishowe. "Lakini wimbo wenyewe uko wapi?"

"Kichwani."

"Wote?"

"Nimeutunga mimi, utakuwa wapi tena?"

"Basi umepona! Kuna programu ya bure ya nota, tutauandika upya. Ni wimbo gani?"

Hermelinda akamtazama Wilfrido. Wilfrido akaitazama dari.

"Ni wa sikukuu yenu," alisema Hermelinda.

Eutimio akaondoa mikono kwenye kibodi kana kwamba imemchoma. "Basi nisiusikie. Nikiusikia si mpya tena. Nitakuonyesha programu, kisha niende zangu."

"Ndivyo. Maana utautangaza."

"Nitautangaza," alikubali kwa huzuni. "Najijua."

Akamwonyesha programu, akaenda kukaa uani na nyumbu. Hermelinda akaanza. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe: viliijua kibodi ya programu iliyokufa. Namba aliyoizoea kwa nota ndefu ilitoa fupi, herufi ya kunyamazisha ikafuta mstari mzima. Mtu asiyejua chochote angejifunza taratibu. Yeye alikosea kwa kasi ya ajabu. Alasiri ilipofika alikuwa na vipande vinne vifupi vya wimbo, viwili vibovu. Jumatatu ilikuwa keshokutwa.

Alisimama dirishani. Eutimio alikuwa anamwambia nyumbu jambo, na nyumbu amechoka kusikiliza. Hermelinda akapima: jarabe lisisikike na mtu yeyote, ama lisikike na mropokaji mmoja. Moyo ulimuuma kwa yote mawili.

"Don Eutimio! Ingia ndani. Mimi nitaimba, wewe uandike."

"Una hakika?"

"Sina. Ingia kabla sijabadili mawazo."

Aliimba klarineti ya kwanza, mikono magotini kama mtoto wa shule, jambo gumu kwa mwanamke ambaye miaka thelathini hakuruhusu mtu aguse kipanya chake. Eutimio aliandika haraka bila kufunua mdomo. Mara moja tu alisimama.

"Hapo, tuba inamjibu klarineti?"

"Inamtukana."

"Ehee," alisema, na macho yakamcheka.

Kesho yake Hermelinda aliishika kibodi mwenyewe kwa sehemu za ngoma, polepole, kidole baada ya kidole, akiuliza na kujibiwa. Aliuliza mambo ambayo angemcheka mtu kwa kuyauliza, na dunia haikuanguka. Jumatatu karatasi zilitoka kwenye printa ileile, na Wilfrido akazipeleka mazoezini mbio bila kofia.

Siku ya sikukuu Hermelinda alisimama uwanjani mbele ya kanisa la Santa Inés. Alikuwa na hakika wenyeji wote wataanza kuimba kabla ya tarumbeta. Maestro Crisóforo akainua mkono, klarineti zikaanza ugomvi, na tuba ya Wilfrido ikazitukana. Hakuna aliyejua kinachofuata. Aliona nyuso zikigeuka, bibi mmoja akaweka chini kikapu chake, kisha vumbi likatimka na watu wakaingia kucheza. Walipomaliza walitaka urudiwe, ukarudiwa. Hermelinda alilia hadharani na hakuona aibu.

Mkuu wa bendi ya wenyeji alimgeukia Eutimio. "We si ulikuwa Yelaxi siku tatu? Ulikuwa unaujua huu?"

"Mimi?" Eutimio alifungua macho kupita kiasi, waigizaji wabaya wapo, lakini yeye aliwazidi. "Nilikwenda kutengeneza printa."

Baadaye Hermelinda alimkuta nyuma ya jiko, peke yake, na sahani ya tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani.

"Umenyamaza," alimwambia.

"Nusura nife. Mke wangu alidhani naumwa, akaniitia daktari."

"Sasa gozona ni gozona. Nidai. Nikufanyie nini?"

Eutimio alizungusha tamale kwenye sahani.

"Ninao mmoja," alisema. "Wimbo. Hata mke wangu hajausikia."

"Tangu lini?"

"Tangu sijaoa. Nimeandika nyimbo za watu wote wa mlima huu, huo nikashindwa. Nilikuwa naogopa watu watacheka. Nilikuogopa wewe, hasa."

Eutimio akainamisha kichwa, akaanza kuimba kwa sauti ndogo, macho kwenye sahani. Ulikuwa wimbo wa polepole, wa kumsindikiza mtu mpendwa. Mahali pawili alitoka kwenye sauti. Alipomaliza hakuinua macho.

"Rudia mwanzo," alisema Hermelinda.

"Nimeharibu?"

"Hapana, Don Eutimio. Nataka tu kuusikia tena."