Courant ya Tshopo na Carte ya Mujukuu Wangu

Nani alikudanganya ati frigo haina kinywa? Ya kwangu inasema! Miaka mingi nauzisha samaki hapa Tshopo. Barrage ya umeme iko karibu, lakini courant inapanda na kushuka vile inataka. Ikishuka, frigo inaguna sawa mwanamuke wa mimba akiinuka kwa kiti. Ikishuka zaidi, inatetemeka. Hapo natoa prise kwa ukuta mbio, kama hapana, moteur inaungua.

Bon. Mujukuu wangu, mutoto ya binti yangu, anajifunza ingénieur. Si kutengeneza radio yenye kuharibika, hapana! Anachora carte, ile kibao kidogo ya ndani, yenye njia ya shaba, kabla mashini haijazaliwa. Siku tatu anatumika kwa atelier, karakana ya mashini, siku mbili anasoma kwa université, na kwa mwisho banamupa diplôme. Mwaka huu atelier ikamuomba carte moja yenye kutumika kweli. Akachora ya kulinda frigo yangu.

Tukaifunga kwa frigo. Frigo ikazima. Ikawaka, ikazima tena. Samaki ikalegea, harufu! Kijana wangu wa kwanza, tonton, mujomba wa mutoto, njo yeye anaamuaka mambo ya nyumba tangu bwana yangu alikufa. Akacheka mpaka machozi.

"Ingénieur ya samaki ya kuoza! Mama, inatosha. Aache masomo, aolewe. Kuna mutu anangojea jibu."

"Angojee kabisa. Mutoto atachora carte ingine."

"Moja tu, Mama. Ikikosa, imeisha."

Sasa sikia. Mutoto alitia namba ya courant yenye kutoka kwa kitabu. Na kile kitabu hakijalala Tshopo hata siku moja! Courant yetu haifikaki kwa ile namba. Carte ikaona courant kidogo, ikaogopa, ikakata. Nikamuambia: "Leta kamashini yako ya kupima, ukae hapa."

Frigo ikaguna. "Hapa inavumilia," nikasema. Akaandika. Ikatetemeka. "Hapa inakufa!" Akaandika. Siku mbili, miye natwanga pondu, majani ya muhogo, yeye na kalamu. Miye mwenye niliacha masomo kwa mwaka wa pili, nikakuwa professeur!

Carte ya pili iliacha frigo igune vile inataka, ikakata tu wakati ya kutetemeka. Juma nzima samaki ngumu sawa jiwe. Kwa atelier bakubwa bakamuuliza: "Hizi namba ulitoa wapi?"

"Kwa koko wangu, bibi mwenye anauzisha samaki."

Bakacheka. Alors bakapima benyewe, na kicheko ikaisha. Mutoto akapita, masomo ikaendelea!

Na tonton? Juzi frigo ya bar yake iliungua. Akanunua ingine, akatuma muke wake aombe carte. Yeye mwenyewe haya imemukamata! Nikamuangalia mujukuu wangu. Akaniinamia kwa sikio:

"Koko, naapa, nitamutengenezea. Lakini atakuja na miguu yake, asimame hapa mbele ya frigo yako, na aniite ingénieur."